Ombi la Kumilikishwa Chachu Yangu na Vizazi Vyake Vyote

Mheshimiwa Mkuu wa Ujumbe wa Majadiliano ya Biashara,

Shikamoo, na pole kwa safari za ndege. Mimi ni mwokaji mikate. Nimesikia redioni kwamba mnabishania nani apewe hati ya kumiliki mbegu, vijidudu na viumbe hai vingine. Mataifa makubwa yanasema anayeandikisha kwanza ndiye mwenyewe, wengine wote wamwombe ruhusa. Nayaunga mkono kwa mikono miwili. Naomba chachu yangu ya mikate iandikishwe upesi, kabla wifi yangu hajanitangulia. Sababu ni hizi:

1. Chachu hii ni hai. Inakaa koponi, inakula unga na maji kila asubuhi, na nikiisahau inanuna. Nimeilea miaka kumi na mitano. Nilipokwenda kujifungua kitindamimba niliibeba, muuguzi akaniuliza kama huyo ni pacha wake.

2. Wifi, dada wa mume wangu, aliniomba kikombe kimoja tu. Nikampa kwa roho safi. Asante ya punda ni mateke: amefungua duka la mikate mlango wa tatu kutoka kwangu! Kila mkate wake ni mjukuu wangu, na anauuza bila idhini ya bibi.

3. Mume wangu anasema chachu hufa ndani ya tanuri. Basi wifi ana kesi mbili.

4. Mwanangu wa kwanza nilimlisha miaka ishirini na mitano, mkewe akaja kumchukua akiwa tayari. Naomba naye aandikishwe. Mkwe ataendelea kumtumia, ila kwa kibali cha kila mwaka.

Sifichi, Mheshimiwa, naumia. Jirani akipita na mkate wa wifi kwapani, nageuka ukutani.

Nisalimie wajumbe wote, hata wale wabishi wanaopinga hati hizi.

Ni mimi mwenye haki,
Mama Mikate wa dirisha la kijani

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa. Mume wangu, katika kunisaidia kazi, ameosha lile kopo likang'aa. Alidhani ni uji uliochacha. Nimelia mpaka kwikwi. Wifi aliposikia alikuja mbio na bakuli zima la chachu, hakutaja hati wala kibali, akakunja mikono ya gauni na kunikandia unga. Kwa hiyo wale wabishi nawaomba wasikilizwe. Na kama kalamu zimeshatolewa, tafadhali msisaini leo. Unga wangu bado haujaumuka.