Pombe Ishuke Yenyewe

Jumanne, 24 Juni 2025

Wewe unayefungua daftari la mtu mzima bila hodi, funga! Huna adabu. Kama ni shemeji yangu Nkwabi, funga halafu urudishe sufuria yangu. Mimi nina kisomo cha watu wazima tu, lakini naandika yangu, sichungulii ya wenzangu.

Hellen amepiga simu kutoka Magu. Binti yangu wa kwanza. Anasema mwenye nyumba hapa Mirongo amemlalamikia: pombe yangu inaleta nzi na walevi, anataka uwanja wake. Kwa hiyo nikakae kwake. Hellen ameokoka. Kwake hata siki inaombewa kabla haijaingia jikoni. Nikienda Magu chungu changu kitapandwa maua. Siendi!

Lipo jambo. Kile kiwanda cha bia cha enzi za mkoloni, jumba la matofali mekundu lenye mnara, kimekarabatiwa ili wageni wakitazame. Uani wametenga chumba cha mama wa kupika pombe ya kienyeji. Mama mmoja. Kina paa, kina bomba la maji, na hakuna wa kumfukuza. Kamati itaonja siku ya ufunguzi, Jumamosi ya tarehe 12 Julai. Tumebaki wawili, mimi na Dorotea wa Mkolani. Dorotea huosha mtama, yale maji ndiyo anaita pombe.

Alhamisi, 26 Juni

Msimamizi wa jumba ametutembeza. Anaitwa Jonathan, kijana wa Dar. Shikamoo katoa vizuri. Suruali ndiyo imembana.

Nimeona maajabu. Wale wazee wa kizungu walivuta shayiri hadi ghorofa ya juu kabisa kwa kapi na kamba. Basi, kazi ikaisha. Baada ya hapo hakuna aliyebeba kitu. Shayiri inaanguka yenyewe kwenye kinu. Unga unaanguka kwenye pipa la maji moto. Maji yale yanashuka kwenye sufuria la shaba ambalo ng'ombe anaweza kuoga. Yakichemka yanashuka tena kwenye sinia la shaba, pana kama chumba changu, na madirisha ya mbao zilizolazwa kwa kuachana nafasi yanaingiza upepo wa ziwa, pombe inapoa. Halafu inashuka uani kwa mabomba mawili, inaingia kwenye mapipa.

Mimi nimebeba madumu kichwani hadi shingo imezama mabegani. Hawa walibeba mara moja! Uvivu wenye akili. Nimeupenda.

Dorotea akauliza choo kiko wapi. Hilo tu ndilo aliloliona.

Jumatatu, 30 Juni

Nimeanza. Mwenye nyumba kanizuia kuanika kitu uwanjani, kwa hiyo kimea changu nimekipeleka kiwandani. Pembeni ya mnara kuna jengo refu, la baridi, lenye giza, sakafu laini kama kiganja. Palijengwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuotesha nafaka. Pamekaa bure miaka yote, dhambi!

Nkwabi ndiye mlinzi pale. Kanifungulia. Aliomba nisimtaje. Simtaji.

Mtama uliolowekwa nimeutandaza, nikaufunika magunia mabichi. Kesho kutwa utakuwa na mikia.

Jumatano, 2 Julai

Balaa. Jonathan kaingia, kakuta mtama umeota vizuri, kadhani ni kamati imeleta kwa ajili ya wageni. Kafurahi. Kazungushia kamba nyekundu. Kaweka kibao: SHAYIRI. Usiguse.

Shayiri! Mtama wangu wa Magu, mwekundu, unaitwa shayiri na mtu aliyesoma chuo.

Na kimea hakingoji. Kisiponyeshewa kinakufa. Nikapita chini ya kamba na ndoo yangu na kata, nikanyunyizia. Wageni wakaingia. Wakanipiga picha. Mmoja akaniomba niiname tena. Nikamwambia ainame mama yake. Nkwabi anasema yule hakuelewa, alishukuru.

Jonathan kaniuliza kama naweza kurudi Ijumaa na nguo zile zile.

Ijumaa, 4 Julai

Nimerudi na nguo zile zile. Mbele ya wageni nimekusanya kimea chote, nikakitia kwenye gunia, nikajitwisha, nikatoka kwa geti kubwa. Wamepiga makofi. Jonathan kapiga makofi zaidi ya wote. Alipokumbuka kwamba sijarudi, nilikuwa nimeshakianika juu ya bati la Nkwabi.

Jumatano, 9 Julai

Kimesagwa. Uji umepikwa, kimea kimetiwa, umeanza kuchacha. Unanung'unika kwenye chungu kama wakwe. Dalili njema.

Mkutano wa kamati. Jonathan kasema kila mama aje na pombe kwenye chungu chake, na mtu asiguse mtambo. Kalisema hilo akinitazama mimi. Mbona hakumtazama Dorotea?

Dorotea naye kaniuliza kwa upole wa uongo: "Mama Hellen, nasikia unahamia Magu? Chungu chako unaniachia?" Nikamjibu nitamwachia machicha, ayazoee. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa nimekata shauri. Chungu ni chungu, kila mtu anacho. Mimi nataka kamati ikae uani, pombe yangu ishuke yenyewe kutoka juu, bila mkono wa mtu, kama walivyofanya wenye jengo. Nani atampa Dorotea chumba baada ya hapo?

Mpango ni huu: Nkwabi anavuta madumu kwa kapi hadi kwenye lile sinia la kupozea. Analiosha kwa maji moto, na mabomba pia. Mimi nakaa chini na chungu kitupu. Nikikohoa, anafungua koki. Nimemuuliza bomba gani. Kasema la kushoto. Nimemuuliza ana hakika? Kasema shemeji, nimelilinda jengo hili tangu sina mvi. Basi.

Jumamosi, 12 Julai

Kalamu imetoboa karatasi. Si uzee, ni hasira.

Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Madumu yalipanda. Kamati ikakaa kwenye viti vya plastiki, na wageni nyuma yao. Nikaweka chungu changu chini ya bomba la kushoto, kama natafuta kivuli. Dorotea kapangwa chini ya lile la kulia.

Dorotea chungu chake kilikuwa kitupu! Pombe yake ilikuwa inakuja kwa bodaboda kutoka Mkolani na bodaboda imeharibika njiani. Anajifuta jasho kwa khanga. Anaomba wamngoje kidogo. Mzee Machibya, mwenyekiti wa kamati, anatazama saa, anasema mama, tukishindwa kuonja ya kwako tutaonja ya mwenzako na mambo yatakuwa yamekwisha.

Ningenyamaza tu. Madumu mawili yalikuwa yamebaki hapo mlangoni, yamejaa. Ningemimina, ningeonja, ningepata chumba kabla ya saa sita.

Nikakohoa.

Kule juu chuma kikalia. Bomba likaguna. Halafu pombe yangu, nyekundu, nzuri, ina povu kama maziwa ya kukamuliwa sasa hivi, ikamwagika kutoka ukutani. Upande wa kulia. Ndani ya chungu cha Dorotea.

Nkwabi alikuwa kule juu anatazama ziwa. Mimi niko chini natazama barabara. Kushoto kwake ni kulia kwangu. Mvi zake zote zile!

Watu walisimama. Walipiga vigelegele. Na Dorotea, shetani yule, hakushtuka hata kidogo. Akachukua kata. Sasa kwetu mpishi anaonja kwanza mbele ya wageni, ili waone hakuna sumu, na aliyeonja kwanza ndiye mwenye chungu. Hakuna kesi hapo. Mimi mwenyewe nimewagombeza wasichana wengi juu ya jambo hilo. Dorotea akachota, akanywa, akafumba macho. Akasema karibuni.

Mzee Machibya kanywa. Kaomba tena. Kasema tangu mama yake afariki hajaonja kitu kama hicho.

Hapo nikashindwa. Nikasimama nikapiga kelele kwamba hiyo ni yangu! Dorotea akasema, "Mama Hellen, wewe umeonja?" Watu wote wakanigeukia.

Jonathan akaniuliza kwa adabu, kama ni yangu bibi, imefikaje humo? Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, watu wote wasikie: kapi, madumu, sinia la shaba, koki, na kimea nilichokiotesha kwenye sakafu yake akakiita shayiri. Nilimtaja na Nkwabi. Nilidhani nashinda. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Mzee Machibya alivyozidi kutikisa kichwa.

Kamati imesema nimegusa mtambo wote uliokatazwa, hakuna nilichobakiza. Dorotea hajagusa kitu. Chumba ni cha Dorotea.

Bodaboda yake ilifika mchana. Nimeionja ile pombe yake. Maji ya kuoshea mtama.

Jumatatu, 14 Julai

Niko Magu. Hellen alikuja na gari la kanisa, akakibeba chungu changu mwenyewe, kwa vidole viwili. Tayari kiko mlangoni na udongo ndani. Amepanda maua ya rangi ya waridi.

Nimelia kidogo. Halafu nimetazama juu.

Nyuma ya nyumba kuna mnara wa chuma na matenki mawili. Moja lina maji. Lingine ni tupu, safi, lina mfuniko, na ngazi imeegemezwa hapo hapo kana kwamba nilikuwa nasubiriwa. Bomba lake linashuka, linaingia kwenye ukuta wa kanisa lililo jirani na sijui linatokea wapi. Si neno. Mabomba ni kazi ya Nkwabi, na sasa ana nafasi, wamemfukuza kazi.

Nimeshamtumia ujumbe: Nkwabi, kesho panda basi la asubuhi uje na gunia la kimea. Hellen akikuuliza, mwambie ni mbegu za kanisa, na upande ngazi ya tenki kabla hajamaliza kukuombea.