Ndege ya Vita ya Mjomba

Ulimi-Samli alikuwa amejilaza kibarazani kwa mjomba wake, akisubiri chakula asichokitafuta, alipomwona mwenye hoteli kubwa ya mjini amesimama getini, mdomo wazi.

Uani palikuwa na ndege. Mjomba, seremala mstaafu, aliiunda mwenyewe kwa kuiga zile za vita vya zamani: mabawa juu na chini, mbao nyepesi, turubai lililoshonwa na mkewe. Bunduki ya mbele ilikuwa bomba la maji lililopakwa rangi nyeusi.

"Hii ni ya kweli?" mwenye hoteli akauliza.

Uongo ulimfikia Ulimi-Samli kabla hajavaa ndala. "Shikamoo mzee. Vua kofia kwanza. Hii iliangushwa vitani, babu yetu akaificha ghalani. Unaona matundu hayo? Risasi."

Yalikuwa ya panya. Mwenye hoteli akavua kofia, huku moyoni akiiona ndege inaning'inia ukumbini kwake na wageni wakilipia kuitazama.

"Imechakaa," alisema. "Ila nakuonea huruma. Chukua gari langu, tubadilishane."

Gari lilikuwa jeupe, linang'aa hadi magurudumu. Ulimi-Samli alimlilia babu yake kidogo, kwa adabu, kisha akakinga mkono apewe ufunguo. "Kesho asubuhi njoo na lori."

Asubuhi iliyofuata, kabla mjomba hajamaliza chai, mpwa alikuwa barabarani, kiwiko dirishani, akijiita bosi. Hakufika mbali. Askari walimsimamisha, wakatazama namba, wakatazamana. Gari lilikuwa la daktari mmoja, na lilikuwa limeibwa.

"Nimepewa na mwenye hoteli!" akalia, safari hii machozi ya kweli.

Wakaenda kumchukua mwenye hoteli. Waliporudi naye kituoni, alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Wakamkalisha benchi moja na Ulimi-Samli.

"Nimemkuta mjomba wako ameitoa ndege uani hadi uwanjani, amekaa ndani yake," alifoka. "Namwambia shuka, mpwa wako kanipa. Ananijibu, mpwa wangu hata sahani anayolia si yake! Kisha akawasha injini."

Hapo ngurumo ikapita juu ya bati. Wote, mahabusu na askari, wakakimbilia dirishani. Mjomba alikuwa angani, kofia ya pikipiki kichwani, amenyooka kama bwana harusi.

"Mwongo mkubwa wewe!" mwenye hoteli akamgeukia. "Hukuniambia inaruka!"

Ulimi-Samli akashusha pumzi, macho yakiifuata ndege.

"Mzee wangu, ningejua inaruka, ningekudai na hoteli."