Ofisa Mwenye Sinia

Kila siku, saa mbili asubuhi, Paskazia aligonga mlango wa mkurugenzi, akaweka chai mezani, akatoka. Siku hiyo hakuwahi hata kuweka. Mkurugenzi Mubin alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Hongera, Paskazia. Kuanzia leo wewe ni Ofisa Mwandamizi wa Urekebishaji Tabia."

Kampuni, yenye vyumba viwili mtaani Al Mankhool, ilikuwa imepata zabuni ya kusimamia watu waliohukumiwa kufagia bustani badala ya kwenda jela. Mkataba ulitaka maofisa wanane waliofunzwa, na ushahidi wa mafunzo ni picha ya pamoja. Paskazia alikuwamo pichani, safu ya nyuma, na vikombe vyake.

"Lakini sir, mafunzoni mimi nilipitisha chai tu."

"Ulikaa humo dakika ngapi?"

"Sita."

"Wenzako walitoka baada ya nne."

Saa nne akaingia mkaguzi, Bi Rukiya, mwenye Kiunguja cha bibi yake na kalamu nyekundu. Kwenye benchi alikuwapo Idd, fundi vigae wa mtaa wa Muhaisnah, aliyepewa miezi mitatu kwa kumtukana msimamizi wake. Miezi ilikuwa imekwisha. Fomu yake isiposainiwa na ofisa aliyefunzwa kabla ya adhuhuri, angeanza upya.

"Dada, saini basi," alisema Idd. "Nimefagia hadi paka wa bustani wananiamkia."

Mubin akamwinamia Paskazia sikioni. "Andika hajajuta. Huyu ndiye wa mwisho. Akiondoka, maofisa wanane watamsimamia nani?"

Paskazia akaiweka kalamu mezani bila kuandika. Mubin akainyakua fomu. "Khalas, yatosha, naandika mwenyewe."

"Hebu ngoja, bwana," akasema Bi Rukiya, picha mkononi. "Wewe hapa u wapi?"

"Mimi ndiye niliyepiga."

"Basi hukufunzwa. Na kanuni zenu zasema asiyefunzwa haigusi fomu, hukaa benchi akingoja maelekezo. Tafadhali."

Mubin akaiacha fomu mezani, akakaa. Idd akamsogelezea nafasi. "Karibu, bosi. Hapa ukibishana na ofisa unaongezewa wiki."

"Haya, ofisa," Bi Rukiya akamgeukia Paskazia. "Wasemaje?"

Kwa miaka minne Paskazia alikuwa amesema "ndiyo, sir" katika ofisi ile, na mara chache "sukari imekwisha". Akasaini. Kisha akamtazama Mubin usoni.

"Huyu amemaliza kazi yake, sir. Sisi yetu hatujaianza."