Sekunde Nne za Mama Fundi

Zimeni redio, wekeni vikombe chini, mtoto anayelia apewe kitu atafune! Yaja habari ya Mama Fundi, Simba wa Cherehani, ambaye mkasi wake ukilia kacha-kacha majora ya vitambaa husalimu amri yenyewe.

Siku hiyo dola mbili zilikuwa zinakabidhiana nchi. Kesho yake bendera ya zamani ingeshuka, na pasipoti zote za zamani zingekufa nayo. Anayetaka mpya apeleke fomu na picha kabla ya saa kumi jioni. Na Mama Fundi aliitaka kama pumzi, maana binti yake, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, alikuwa amebakiza wiki moja tu ajifungue, na alishapiga simu: "Mama, usipokuja wewe, anakuja mama mkwe."

Lakini shujaa alikuwa na adui, naye ni kicheko. Kamera ikimtazama tu, kilimpanda kutoka tumboni kama jeshi linalopanda ngazi. Mara mbili alipeleka picha, mara mbili karani wa dirisha la pili, Mlinzi wa Muhuri, akamrudisha.

"Mama, hii nayo inacheka."

"Si mimi, mwanangu, ni uso."

"Serikali mpya haitaki meno."

Saa tisa na nusu akarudi studio ya picha, akakikalia kile kiti cha plastiki mbele ya shuka jeupe kama anayekalia farasi wa vita. Mumewe alisimama pembeni, jemadari asiye na jeshi.

"Mke wangu, fikiria msiba!"

"Nafikiria wa shangazi."

"Sasa unacheka nini?"

"Si nimemkumbuka mjomba alivyovunja benchi la waombolezaji!"

Mpiga picha akashusha kamera, jasho likimtiririka. "Mama, hata kazini uko hivi?"

"Nacheka kutwa nzima, labda niwe na pini mdo..."

Taratibu akachomoa pini tatu begani mwa gauni lake, akaziinua juu, akanguruma:

"Enyi pini zangu! Miaka ishirini nimewabana kwa midomo hii na sijammeza hata mmoja wenu. Leo nibaneni ninyi!"

Akazitia mdomoni, akafunga. Kicheko kikapanda, kikafika kooni, kikaona chuma, kikageuka mbio. Moja, mbili, tatu, nne. Kacha!

Saa kumi kasoro dakika tatu picha ikatua dirishani. Ilikuwa na sura ya mtu aliyeletewa suruali ya kupunguzwa siku ya sikukuu.

"Huyu ni wewe?" karani akauliza.

Mama Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hujibu?"

"Mdomo una kazi," mumewe akadakia.

Karani akamtazama, akaitazama picha, akauinua muhuri. Pwaa! Imepita!

Hapo ndipo Mama Fundi alipotema pini kiganjani na kucheka mpaka askari wa mlangoni akashika kofia yake.

Wengine wataandika kwamba wiki ile dola moja iliondoka na nyingine ikaingia, kwa mizinga na matarumbeta. Waandike tu. Sisi tunaandika kwamba Mama Fundi alikaa sekunde nne bila kucheka.