Mkia wa Binti wa Mchimbaji

Jumatatu, 3 Februari 2025

Michoro kumi na mmoja imekamilika! Mavazi yote ya mchezo wa kuigiza wa parokia, kuhusu machimbo ya dhahabu ya Osiri mwaka 1934. Wiki tano za kazi. Siku tatu nzima nilikaa Rodi Kopany nikimhoji nyanya yangu kuhusu shanga, ngozi na magauni ya misheni, mpaka akaniuliza kama serikali imeniajiri.

Leo nimeipeleka kwa mwongozaji, Mwalimu Mosoti. Nikabisha. Akasema karibu. Nikaisukuma chini ya mlango, nikakimbia. Haina jina, na ni kwa makusudi. Kazi nzuri hutafutiwa mwenyewe. Atauliza ni nani, nami nitainamisha macho kwa heshima. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kuwa na mpango mzuri hivi.

Alhamisi, 6 Februari

Aliuliza. Mbele ya waigizaji wote ishirini. Nikainamisha macho. Nilingoja aulize mara ya pili, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Celestine hakungoja. Celestine, ambaye darasani alichora ng'ombe mwalimu akadhani ni meza! Akasema eti ni yake, alikuwa anajaribu mkono tu. Tu! Wakampigia makofi. Na mimi nikapiga. Kwa nini nilipiga?

Jumamosi, 8 Februari

Nimemweleza Hodan, ambaye ninamsaidia kupima vitambaa dukani kwake hapa Homa Bay. Akasema sikupewa mdomo wa kulia ugali peke yake, twende nikaseme sasa hivi. Alishashika kufuli afunge duka. Nikakataa. Nina mpango mkali zaidi.

Mchoro wa kumi na mbili. Binti wa mchimbaji, msichana ambaye hajaolewa, nimemchorea chieno: ule mkia wa nyuzi ambao zamani mke wa mtu aliufunga kiunoni ukaning'inia nyuma. Mke wa mtu tu! Nyanya yeyote wa Kijaluo akiuona atapiga kelele. Mwalimu Mosoti ni mtu wa Kisii, hajui. Atamuuliza Celestine maana yake, na Celestine atakodoa macho. Mwizi hadharani! Nimeusukuma chini ya mlango. Najua atadai na huu pia. Ulafi wake naujua.

Jumatano, 12 Februari

Mwalimu Mosoti ameupenda. Kuliko yote! Eti mkia unacheza binti akicheza. Ile kumi na mmoja iliyonivunja mgongo aliiita sawasawa tu. Huu wa dakika kumi ameuita kipaji. Celestine akapokea sifa, akaeleza kwamba alikuwa anafikiria mwendo. Mwendo! Naye ndiye atakayeigiza huyo binti. Na mazoezini hakuna hata nyanya mmoja.

Mbaya zaidi, hakuna ajuaye kusokota katani ila mimi. Nimeusokota mkia huo mwenyewe nikilia kwa hasira. Umetoka vizuri sana.

Haidhuru. Jumamosi ni maonyesho. Nimemwalika nyanya na wenzake sita wa kanisani. Viti vya mbele.

Jumamosi, 15 Februari

Celestine aliingia akicheza. Mkia ukayumba. Kisha rafiki wa nyanya akauliza, kwa sauti ya sokoni, binti huyu kaolewa lini na ng'ombe wamefika wangapi. Mwingine akasema harusi ilikuwa ya siri, maana wao hawakunywa hata chai. Kijana aliyeingia kuposa akashauriwa atoroke kabla mwenye mke hajafika. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mwalimu Mosoti akapanda jukwaani akitokwa na jasho, akauliza nani alichora kitu hiki.

Sasa! Nikauma midomo nisicheke.

Celestine akaninyooshea kidole. Akasema ni Rispa, michoro yote kumi na miwili ni ya Rispa, mkono wake aliujua tangu shuleni, yeye alidanganya na Mungu amsamehe. Akalia. Watu wakamhurumia! Nikafungua mdomo nikane. Hodan akasimama nyuma, akaapa wallahi ni kweli, ni Rispa, na haki ipatikane leo. Haki! Jina langu limetajwa mara tatu mbele ya ukumbi mzima.

Nyanya akanitazama. Akaniuliza: nyakwara, mjukuu wangu, siku tatu zile nilikuwa nikimfundisha nani?

Jumapili, 16 Februari

Mwalimu Mosoti amenisamehe. Amesema ile kumi na mmoja ni kazi ya kweli. Aprili kuna mchezo mwingine, wa wavuvi wa Takawiri miaka ya hamsini, na anataka michoro yangu. Sharti moja: niilete mwenyewe, na jina limeandikwa. Nyanya akasema hilo hata mbuzi anaelewa.

Nimefikiri sana kanisani. Kosa langu nimeliona. Karatasi isiyo na jina ni mali ya yeyote. Safari hii nitaandika jina, tena kwa herufi kubwa: CELESTINE. Michoro ikiwa mibaya, aibu ni yake. Ikiwa mizuri, hakuna atakayeamini, na watakuja wenyewe kunitafuta.

Nitakuwa nyumbani.