Sufuria Iliyongoja Mwisho wa Vita

Alhamisi, tarehe 3 mwezi wa nne 2003

Wewe muntu wa radio, funga kinywa. Umekwisha kumaliza vita mara tatu. Mara ya kwanza nilikuamini, nikafukua sufuria yangu. Wiki haikuisha, tukakimbilia Lulimba. Ni nzito, haibebeki. Nikaizika tena.

Mwisho wa chumvi naujua: mufuko mutupu. Mwisho wa kamba naushika na mukono. Mwisho wa vita niushike wapi?

Lakini Jumamosi mujukuu wangu Chérie anaolewa. Bakwe banashuka toka Kilembwe, na sufuria ya kulisha bantu makumi tano ni ile tu. Basi, vita imeisha. Nimekubali.

Ijumaa, tarehe 4

Niliizika hatua kumi toka mwisho wa nyumba. Nyumba ikachomwa. Hii tuliyojenga kisha ni fupi, mwisho wake hauko pale ulipokuwa. Leo nimehesabu hatua, nikajikuta kati ya mihogo ya jirani yangu Zubeda.

Kumuuliza siwezi. Kabla ya vita hii ya pili aliniomba ile sufuria kwa sikukuu ya Idi. Nikamuambia baliiba. Kumbe ilikuwa chini ya udongo tangu vita ya kwanza, salama.

Nikafanya akili. Nikamuambia Zubeda nimemuonea huruma, shamba lake limejaa majani, nitamulimia bure. Akashukuru. Akaleta kiti, akakaa. Akanionyesha kona niliyoruka. Nimelima mpaka mugongo ukakataa. Nimepata kijiko kimoja, na ni chake.

Jumamosi, tarehe 5

Bakwe bamefika asubuhi. Chérie analia, anasema batamuita binti wa nyumba isiyo na moto. Machozi yake yalinishinda. Nikafunga kitenge, nikaenda kwa Zubeda, nikamuambia yote, hata ule uongo wa Idi.

Akasema alijua. Jembe lake liligonga sufuria mwaka wa 1999. Mvua ilikuwa imeanza kuifunua, akaizika upya chini ya jiko lake. Alikimbia mara mbili, akarudi mara mbili, hakumuambia muntu.

Nikamuuliza kwa nini jana aliniacha nilime.

"Mama Adolphine, nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Na majani yalikuwa mengi kweli."

Bantu bamekula, bamebakiza. Zubeda ndiye aliyepika. Nilimutazama akikoroga, nikafikiri pengine vita inaishia hapo, jirani akikurudishia kitu ulichomunyima. Sikumuambia. Angevimba kichwa.

Jumatatu, tarehe 7

Radio imerudia kwamba vita imeisha. Muntu mwenye hakika harudii.

Sufuria nimeisugua na majivu, inang'aa. Safari hii nitaizika hatua kumi toka mwisho wa nyumba ya Zubeda. Yake ni ya matofali, haitasogea.

Chérie, kabla hujamufuata bwana yako Kilembwe, niletee jembe. Zubeda akiuliza, umuambie sufuria baliiba.