Daktari Aliyeingia Tangini

Verlin Arceneaux hakuwahi kusomea udaktari, ila koti jeupe lilimkaa vizuri, na mjini Houma wengi hawaulizi zaidi ya hapo. Aliposikia kwenye mlo wa kanisa kwamba Curley, mwana wa Ouida Pitre, amepigwa na mnyororo wa winchi akapofuka jicho la kushoto, aliacha bakuli lake la gambo, ule mchuzi mzito wa huko, lipoe. Curley alikuwa na boti ya kuvulia kamba, karibu mpya.

Tangi alikuwa nalo tayari. Lilikuwa la wapiga mbizi, chumba cha chuma cha kumshindilia mtu hewa atokapo kilindini, naye alilinunua kama chuma chakavu na kulipaka rangi ya buluu. Alimweleza Ouida kwamba mgonjwa akilazwa humo, akashindiliwa oksijeni, jicho lililokufa huamka. Hospitali walishasema mshipa umekufa, lakini mama gani hukubali neno kama hilo? Wakapatana: boti kwa jicho.

Siku ya siku Ouida alimkabidhi ufunguo wa boti, akasema Curley yuko nje, anaogopa kufungiwa. Afadhali daktari atangulie, amtoe hofu. Verlin angekataaje, na ufunguo uko mkononi? Hata tapeli anajua kwamba oksijeni na cheche havikai pamoja. Akavua saa, akaweka mezani simu, pochi, funguo zote, hata suruali yake ya nailoni isije ikatoa cheche, akaingia na gauni la pamba la wagonjwa.

Ouida, mjane wa mpiga mbizi, akafunga mlango na kuzungusha valvu. Tangi likishajaa hewa, aliye ndani avute atakavyo, mlango haufunguki, maana hewa huubana.

"Mama, inatosha. Nitoe," Verlin alisema kwenye kipaza sauti.

"Nitakutoa. Kwanza niambie, mwanangu ataona?"

Verlin alitazama suruali yake ng'ambo ya kioo cha tangi. Uongo haukuwa na faida tena.

"Hapana, Mama. Ule mshipa umekufa kweli."

Ouida alirudisha mkono kwenye valvu. Kumbe naye bado alikuwa akitumaini kidogo, na ilimuuma.

"Haya. Leo umeniambia ukweli bila kuniuzia kitu."

Akafungulia hewa itoke polepole, maana hakutaka kumdhuru, kisha akazoa kila kilichokuwa mezani. Mlango ulipoachia, pikapu ya Verlin ilishaondoka, Curley kwenye usukani. Ukumbini mwa kliniki yake walikuwa wamejaa wagonjwa wapya, wakimngoja daktari. Lile gauni, kama yalivyo yote ya aina yake, lilikuwa wazi mgongoni. Verlin akawasalimu wote kwa heshima, akielekea mlangoni kinyumenyume.